Saa Niliyoichagua Ili Nisionekane

Daktari alinifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakipuliza kikanibana, akakilegeza, akatazama, kisha akakipuliza tena. Ukiona umepimwa mara mbili ujue habari si njema. Aliniuliza mama yangu alikufa na nini. Nikamwambia alianguka jikoni akitwanga sombe, majani ya mihogo, mkono mmoja ukakataa, mdomo ukaenda upande, na juma halikwisha tukamzika. Akaniuliza kama nataka kuifuata njia hiyo hiyo. Nilimchukia papo hapo, kwa sababu alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza na alikuwa anasema kweli.

Alinipa vidonge, akanikataza chumvi, kisha akasema dawa kubwa ni kutembea. Kila siku, kwa miguu, mpaka moyo uende mbio kidogo lakini usipite kiasi. Akanishauri ninunue saa ya mkononi, zile zinazosoma mapigo ya moyo na hatua, niwe naiangalia nikiwa njiani: mapigo yakipanda sana nipunguze mwendo, yakilala niongeze. Alinionya nisidanganywe na saa zinazojidai kupima tansiyo ya damu, maana hiyo atanipima yeye mwenyewe kwa kitambaa chake. Niliitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule, na kichwani nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba nitatembea wapi nisionekane.

Asiyeijua Kolwezi atauliza kutembea kuna aibu gani. Hapa kwetu watu wanajuana kwa magari. Mume wangu ni mkuu wa karakana katika machimbo mojawapo, ana gari, na mke wa mtu mwenye gari hutembea kwa miguu katika mambo mawili tu: nyuma ya jeneza na katika maandamano ya kanisa. Akionekana barabarani siku nyingine, anatoka jasho, hana hata kapu la soko, basi habari imeshaandikwa. Ama mume amefukuzwa kazi, ama amepata mwanamke mwingine na gari limehamia huko. Hakuna anayewaza jambo la tatu.

Na ukisema unatembea kwa ajili ya tansiyo, umeharibu zaidi. Kwetu hiyo tansiyo, ambayo kwenye redio wanaiita shinikizo la damu, ni ugonjwa wa mawazo. Ukimwambia mwenzako unayo, hatakuuliza habari za chumvi. Atakutazama kwa huruma, atakushika mkono, atakuuliza huyo bwana anakufanya nini. Bwana wangu hanifanyi kitu. Ni mtu mkimya wa Mutshatsha, aliyekulia kwenye makala, huo mkaa wa kuni, akibeba magunia hadi stesheni kabla hajajua kusoma, na yote aliyo nayo ameyapata kwa spana na grisi. Jina lake zuri ndilo analolipenda kuliko gari. Kwa hiyo kila upande niliogeukia nilimkuta yeye, nami naelekea kumchafua. Nilimwambia mume wangu kwamba daktari kasema nipunguze chumvi. Habari za kutembea nilizimeza.

Saa nilikwenda kuinunua peke yangu, kwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka karibu na soko, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayeleta vitu vya Dubai kupitia Zambia. Nilimwambia ni zawadi ya mdogo wangu. Akaniuliza huyo mdogo wangu ni mtu wa namna gani, anafanya kazi gani, ana simu gani, kwao umeme ukikatika hukaa muda gani bila kurudi. Nikadhani anataka kunichelewesha, nikaanza kununa. Kumbe mtu alikuwa anafanya kazi yake vizuri.

Alinitandikia saa zake juu ya kioo, akaanza kunieleza kwa upole. Hii nyeusi ya duara, kubwa, ina ramani na inajua umekwenda wapi, lakini ni ya watu wa kukimbia, na ikiwa simu ya mdogo wako ni ya zamani hazitaelewana. Hii yenye kioo kikali kama cha simu inapendeza, ila kila siku inataka kuchajiwa, na kwa umeme wetu huu itakuwa bangili tu. Hii inaandika Kichina. Ile pale wanasema inapima tansiyo, lakini mama, mimi sitakudanganya, niliifunga kwenye mguu wa meza ikanipa majibu. Hapo nilicheka, nikasahau kununa.

Kisha akanionyesha moja ya kawaida, mkanda wa mpira mweusi, kioo kidogo chenye tarakimu kubwa zinazosomeka hata juani. Inakaa na moto wake wa betri juma zima, haiogopi maji wala vumbi, na mapigo ya moyo unayaona hapo hapo kwa kugeuza mkono. Akasema, kama mdogo wako anataka kutembea kwa ajili ya afya, anunue hii, mengine ni mapambo. Ilikuwa saa yangu. Niliijua kama mtu anavyomjua mtoto wake kati ya watoto wa shule nzima. Lakini ilikuwa inapiga kelele mkononi kwamba mwenye kuivaa ana jambo, na mimi nilikuwa naziona tayari zile sura za kanisani zikiniuliza, mama, hiyo saa ya nini.

Nikamuuliza kama hana kitu kidogo zaidi, cha kike. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chetu cha hapa.

"Mama, unatafuta ya kuonekana ao ya kufichama?"

Nikasema ya kufichama. Akafungua droo, akatoa kibangili chembamba cha rangi ya dhahabu, hakina kioo, hakina tarakimu. Kilikuwa kinasoma moyo na hatua kwa siri, na kupeleka majibu kwenye simu. Mtu akikiona atadhani ni pambo la harusi. Alinionya kwamba barabarani sitaona kitu mpaka nitoe simu, na kila mtu anajua simu inayotolewa barabarani Kolwezi hupata mwenye pikipiki upesi. Nikamwambia mdogo wangu ni mwangalifu. Akanifunga mkononi ili kunionyesha, na kibangili kikakataa kukutana. Akasogeza tundu, kikakataa. Tundu la mwisho ndilo lililoshika, na nyama ya mkono wangu ikajitokeza pande zote mbili, mbele ya wateja wengine wawili. Yeye alifuta kioo cha meza ambacho hakikuwa na uchafu, nikalipa, nikatoka na uso unawaka.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilikuwa na saa ya kuniponya mbele yangu, nikanunua ya kunificha.

Nilianza kutembea asubuhi mume wangu akishaondoka kwenda kazini. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili, ambao hata sasa nikiukumbuka nafumba macho. Niliwaza kwamba mama aliyevaa vizuri akionekana kwa miguu kila mtu atamtazama, lakini mama maskini hakuna anayemtazama. Nikatoa kitenge changu cha kazi za jikoni, kile kilichopauka, nikavaa kandambili za bafuni, nikashusha kilemba hadi kwenye nyusi. Nikashika barabara ya kuelekea Kingamyambo, kwa kuwa huko hupita watu wa kazi, kina mama wanaokwenda kuosha mawe ya wachimbaji kwenye kijito, malori, si watu wa kanisa letu. Ndivyo nilivyofikiri. Macho hayana pazia, walisema wazee, na mimi nilidhani kilemba ni pazia.

Kutembea kwenyewe kulinishinda mwanzoni. Nilikuwa nimekaa miaka na miaka barazani nikiuza vitenge, wateja wakija kwangu, nami nikinyoosha mkono tu. Mapaja yaliwaka, pumzi ikakata, nikawa najifanya nasubiri mtu kando ya barabara ili nipumzike. Moyo ulikuwa unanipiga hadi masikioni. Kama ulikuwa umepita kiasi au haujapita, sikujua, maana jibu lilikuwa ndani ya simu na simu ilikuwa kifuani, chini ya nguo mbili. Nikifika nyumbani ndipo ningeingia chooni, nifunge mlango, niangalie. Kile kibangili kingeniambia jinsi moyo ulivyokuwa umepanda wakati ule nilipokuwa napandisha mlima, habari za kunisaidia jana.

Lakini mwili ulianza kukubali. Baada ya majuma kadhaa nilikuwa nafika mbali bila kusimama, usingizi ukarudi, na kichwa kilichokuwa kikiniuma kila asubuhi kikaacha kunigonga. Nilifurahi kimya kimya. Waliosimamisha magari kutaka kunisaidia niliwakataa, nikisema nafika hapo tu, na niliona jinsi walivyokuwa wanatazama kandambili zangu kabla ya kuondoka. Siku mbili nilipishana na mjane mmoja wa kikundi chetu cha wamama wa kanisa, naye ni mmoja wa wale wanaoosha mawe. Alikuwa na koleo begani. Nilivuta kilemba. Aligeuza uso akatazama upande wa pili, nami nikashukuru Mungu kwamba hakuniona. Aliniona vizuri sana. Aligeuza uso ili kunisitiri.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kilichonipata. Nyumba ya mwenzetu ikianguka, mume akikosa kazi au akifariki, wamama wa kikundi hawaulizi. Kuuliza ni kumvua mtu nguo. Kila mmoja hutoa kikombe cha unga kutoka kwenye unga wake mwenyewe, vikombe humiminwa katika beseni moja, beseni hufunikwa kitambaa, na wachache hulipeleka jioni jua likiwa bado lipo. Mwenye nyumba hafunui mbele yao. Hupiga magoti, hupiga makofi, husema aksanti. Kukataa ni tusi kubwa, kwa sababu ni kusema unga wao ni mchafu. Na siku moja, atakapoweza, atalirudisha beseni, nalo halirudi tupu. Mimi nimetoa kikombe changu mara nyingi, na nilikuwa najisikia mtu mwema kila mara.

Walikuja alasiri moja, watatu, na beseni lilikuwa kichwani mwa yule mjane. Niliwaona langoni nikadhani wamekuja kuhusu vitenge vya sikukuu. Kisha nikaona kitambaa juu ya beseni, nikaelewa. Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa mdomoni: mume wangu anafanya kazi, iko hitilafu, rudini. Lakini kusema hivyo kulinitaka niseme kwa nini natembea, na kusema natembea kwa tansiyo ilikuwa kumuweka mume wangu mezani wamchambue. Na kukataa bila kusema ilikuwa kuwatukana. Mjane akalishusha beseni jikoni kwangu, karibu na friji yenye milango miwili, akanong'ona.

"Ni bunga kidogo tu, mama. Shiye hatuulizaka."

Nilipiga magoti. Nilipiga makofi. Nikasema aksanti kwa mwanamke ambaye mikono yake ilikuwa imepasuka kwa maji ya kijito, na yeye akaniinua kwa kunishika kiwiko, taratibu, kama mgonjwa. Hakuitazama friji hata mara moja. Nadhani aliwaza kwamba hivyo vyote vitauzwa karibuni.

Mume wangu aliporudi alilikuta. Yeye amekulia kwenye desturi ile ile, hahitaji kuelezwa beseni lililofunikwa maana yake nini. Alisimama mlangoni mwa jikoni na ufunguo wa gari mkononi, akakiangalia kile kitambaa.

"Banasema balinifukuza ku kazi?" aliniuliza. Na kabla sijajibu, "Ulibaambia nini?"

Nikamweleza yote, saa, kibangili, barabara ya Kingamyambo, kandambili. Hakupandisha sauti. Angefoka ningepata nafuu, kwa kuwa mimi hasira za mtu najua kuzijibu. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mtu mrefu vile, akasema nisitembee tena nje. Nikitaka kutembea nizunguke uani, ndani ya lupango letu, ukuta ni mrefu. Nikakubali. Kesho yake mama yake akapiga simu kutoka Mutshatsha, maana habari mbaya hupanda treni bila tiketi. Alimwambia mwanawe asione haya, makala yapo na ardhi haijaenda popote. "Shamba iko, mwana wangu. Mukuye tu," akatuita turudi kwao. Na katika treni iliyofuata akatutumia gunia la mihogo mikavu. Mume wangu alilipokea stesheni mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa wanamjua, akalipakia kwenye gari. Jioni ile hakula.

Nilizunguka ndani ya lupango, siwezi kusema sikujaribu. Mzunguko ni mfupi, kuku walinikimbia, jirani wa ghorofani akanichungulia akidhani natafuta kitu kilichopotea. Siku ya tatu nikachoka, siku zilizofuata nikatoa sababu: mvua, wateja, mguu. Nikarudi barazani kwangu. Kibangili nilikivua nikakiweka katika sanduku la hereni, mahali pake hasa. Na beseni lilibaki jikoni, tupu, limeegemea ukuta, kwa sababu unga niliutia kwenye ndoo na sikuweza kuula wala kuutupa. Kila nilipoingia kuchukua maji niliona lile beseni, la bati, limebandikwa kiraka chini. Nilijua nyumbani kwa mjane, lilikotoka, wanaogea jagi sasa.

Daktari alinipima tena. Safari hii hakupuliza mara mbili, alipuliza mara tatu, na akaandika kitu bila kunitazama. Nilimwambia nilikuwa natembea kisha nikaacha. Akaniuliza kwa nini. Mtu mzima mwenye wajukuu, nikaanza kulia palepale juu ya kitanda chake cha kupimia, na yeye akadhani nalilia kifo. Mficha maradhi kifo kitamuumbua, tunasema kwa wepesi tukimsema mwingine. Mimi nilikuwa naficha maradhi, naficha dawa, naficha hata sababu ya kuficha. Nilitoka pale najua kwamba ama ningekufa na heshima ya mume wangu, ama ningeishi bila hiyo. Na niliogopa, kwa sababu sikuwa na hakika nitachagua nini.

Nilipofika nyumbani nilijaza beseni. Niliutia unga wao wote, nikaongeza wangu hadi pomoni, nikaweka chupa ya mafuta na samaki wakavu juu, nikafunika. Sikumngoja mume wangu aje na gari. Nilivaa nguo zangu za kawaida, nzuri, na viatu, nikajitwisha beseni kichwani, nikafungua lango. Shingo ilikuwa imesahau kazi hiyo. Nilikwenda nikiyumba katikati ya mtaa, mchana, na watu wakanisalimia mmoja mmoja, na kila salamu ilikaa sekunde moja zaidi ya kawaida.

Mjane nilimkuta uani kwake, anachambua maharage. Alisimama kunipokea, akashika beseni kulishusha, na uzito ukamshtua. Akafunua kitambaa. Akatazama unga, mafuta, samaki, kisha akanitazama mimi, na niliona hesabu ikipita usoni pake bila hasira.

"Mutu ya kukosa kazi harudishaka bunga ya namna hii," akasema.

"Bwana yangu iko na kazi, mama. Ni miye njo niko na tansiyo. Munganga alisema nitembee."

Alinisogezea kigoda, akakaa chini na maharage yake. Akaniuliza lile nililojua ataniuliza, kama bwana ananipiga. Nikasema hapana. Kama ana mwanamke mwingine. Hapana. Sasa hayo mawazo yanayonipandishia tansiyo, akasema, ni mawazo ya nini? Nilifungua mdomo nimwambie ni chumvi, ni uzito, ni damu ya mama yangu. Lakini nilikuwa nimechoka, na jibu la kweli likatoka lenyewe, na nilipolisikia kwa masikio yangu nilitaka ardhi inimeze.

"Ya batu," nikasema. "Kusema bataniona natembea na miguu."

Aliacha kuchambua. Mbele yake kulikuwa na viatu vyake vya mpira, vimejaa matope ya kijito hadi juu, vinakauka.

"Shiye banatuonaka kila siku, mama," akasema. "Hatuyakufa bado."

Hakusema kwa kunichoma. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Ndiyo maana lilinichoma. Miaka yote tumekaa benchi moja kanisani, tumeimba kutoka kitabu kimoja, na mimi nilikuwa naogopa kuliko kifo kudhaniwa kuwa ni yeye. Nilimwambia hivyo, kwa maneno mabaya kuliko haya, na nikaomba anisamehe. Yeye akaondoa mafuta na samaki kutoka kwenye beseni, akavirudisha mikononi mwangu. Alisema unga ni wa watu, kila mmoja alitoa kikombe chake, na wengine hawakuwa nacho cha kutoa. Utarudi kwa kila mmoja. Nikasema nitamlipa mtu wa pikipiki apeleke. Akatikisa kichwa.

"Weye mwenyewe utasema," akasema. "Mi nitabeba beseni."

Basi tukatoka, yeye mbele na beseni, mimi nyuma na kikombe. Mlango wa kwanza nilichanganya maneno, ikabidi nianze tena. Nilisema: mume wangu ana kazi, mimi ni mgonjwa, natembea kwa ajili ya ugonjwa, mlinipa unga nikaupokea nikanyamaza. Kisha nikapima vikombe viwili kwa kila kimoja walichotoa. Mmoja alicheka hadi akakaa. Mmoja aliupokea unga na kufunga mlango, na ana haki yake. Mmoja, mama mnene kuliko mimi, aliniuliza kwa siri daktari huyo yuko hospitali gani. Jasho lilikuwa linanitoka, moyo unanipiga, na sikujua unapiga kiasi gani, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mtupu.

Tulikuwa tumebakiza mlango mmoja gari la mume wangu lilipotokea mbele yetu, anatoka kazini. Barabara ile ni ya udongo, ina watu pande zote, wauza mkaa, wauza sim kadi, wote wanalijua gari lile. Alisimama sambamba nasi. Akashusha kioo. Aliniona na kikombe mkononi, unga hadi viwikoni, na akamwona mjane na beseni.

"Panda," akaniambia.

"Inabakia nyumba moja," nikasema.

Watu walikuwa wameacha kuuza. Nilimwona mume wangu anawaona. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani na grisi bado iko kwenye kucha, na nilimhurumia kwa sababu nilijua hasa anachokisikia. Nilikuwa nimekisikia kwenye kila mlango tangu mchana. Nilifikiri atapandisha kioo. Akainamisha kichwa ili amwone mjane vizuri, akavua kofia yake ya kazi.

"Mama," akasema, kwa sauti ambayo wale wote waliisikia, "aksanti kwa bunga."

Mjane akamwitikia kwa kupinda goti kidogo, na beseni halikutikisika. Mume wangu hakuniambia tena nipande. Aliwasha gari, akaliondoa polepole sana, pembeni kabisa mwa barabara, ili asiturushie vumbi.